Kelestini Libenanga na Orodha ya Maandishi ya Mawe

Baba Paroko, masista, wazee wa Ifakara na wa ng'ambo ya Lumemo, ndugu wa ukoo na ninyi nyote mliolala nasi hapa matangani, kabla hatujambeba kwenda makaburini familia inaomba mtusikilize kidogo, tuseme huyu aliyelala mbele yetu alikuwa nani, kama alivyosimulia mwenyewe na kama karatasi zake zinavyoonyesha, bila kuongeza neno.

Marehemu Kelestini Libenanga alizaliwa Ifakara, kando ya mto Lumemo, mwaka uliokadiriwa na mapadre kuwa 1886, mwaka ambao yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nao, ndiyo maana kila alipouandika aliweka alama ya kuuliza pembeni, nasi tumeiweka alama hiyo kwenye msalaba wake, kwa sababu aliagiza hivyo na hakuwa mtu wa kutania katika mambo ya tarehe. Baba yake alikuwa mvuvi, alifariki mtoto angali mgongoni, na mama yake, Kandida, alimlea kwa jembe la mkono mpaka mwaka 1896, mjomba wake, aliyekuwa mchukuzi wa nta na mpunga katika misafara ya pwani, alipomchukua kwenda Dar es Salaam na kumwingiza shule ya misheni. Huko alibatizwa tarehe 25 Desemba 1899, na mwaka 1903 alimaliza masomo, akijua kusoma na kuandika Kijerumani kwa hati iliyonyooka.

Tarehe 2 Machi 1903 aliajiriwa katika ofisi ya wapimaji wa ardhi, chini ya mtaalamu wa mawe aliyeitwa Bwana Rehbein, na kazi aliyopewa ndiyo iliyomtambulisha maisha yake yote, yaani kukusanya na kuorodhesha kila mwaka yote yaliyoandikwa juu ya mawe, udongo, chemchemi na madini ya nchi hii, kiwe kitabu kilichopigwa chapa Ulaya, ripoti ya boma, au kurasa mbili za padre aliyeona jiwe linalong'aa njiani. Kila andishi lilikuwa na karatasi yake, juu jina la mwandishi, chini yake habari yenyewe, mwaka na mahali, na mwisho kabisa jina la mtu aliyeliona andishi hilo kwa macho yake, kwa kuwa zamani orodha zilijaa vitabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviandika, huyu amesikia kwa yule na yule amesikia kwa mwingine. Andishi lililosikika tu halikuingia, hata kama aliyelitaja ni gavana. Sheria hiyo ilimkaa marehemu mwilini, hata nyumbani mtoto akisema fulani ameiba miwa, yeye aliuliza kwanza, wewe ulikuwa umesimama wapi.

Mwishoni mwa Julai 1905 alifika Ifakara kwa mambo mawili, la kwanza kukusanya yaliyoandikwa mwaka ule katika boma na misheni za upande huu, na la pili kumalizia posa ya binti wa Mzee Mkopi, ambaye leo wote mnamfahamu kama Bibi Scolastica. Mzee Mkopi hakuwa na haraka. Alimwuliza mbele ya watu kama ni kweli serikali inamlisha kijana mzima kwa kusoma habari za mawe, wakati mawe yenyewe yamelala Udzungwa bure na hayajawahi kumwomba mtu ayasome, na watu walicheka, wakaanza kumwita Bwana Mawe, jina alilokwenda nalo mpaka uzeeni bila kulikasirikia.

Posa ilikuwa haijajibiwa vita vya Maji Maji vilipofika. Askari wa hapa walishambuliwa, njia za pwani zikafungwa, na habari zikaenea kwamba kuna mtu wa Wajerumani amejificha Ifakara na mzigo wa karatasi zao. Mzee Mkopi alimwingiza marehemu ndani ya kihenge, akaufukia mzigo wake chini ya mpunga, na asubuhi hongo, yaani mgawaji wa dawa ya maji, alipokuja na wapiganaji kuwanywesha watu mtoni, marehemu alikuwa gizani mle ndani, akisikia nyimbo tu. Mchana walifika uani kumdai. Mzee Mkopi alimtoa yeye mwenyewe, akamsimamisha mbele yao na kusema, "Huyu ni mkwe wangu. Mpeni maji naye." Marehemu alikunywa, akapakwa, akaachwa hai, na alipenda kusimulia kwamba siku ile ndipo alipojua posa yake imekubaliwa, kwa kuwa mpaka dakika ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

Yaliyofuata wazee wanayajua kuliko sisi. Maji hayakuzuia risasi, Wajerumani walirudi, mashamba na maghala mengi yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki, akiwamo Kandida, mama mzazi wa marehemu, aliyefariki Januari 1906 na kuzikwa na majirani ambao wenyewe hawakuwa na nguvu ya kushika jembe.

Mwezi Februari 1906 afisa mmoja wa Kijerumani alipiga kambi hapa Ifakara, akasimamisha mti wa kunyongea, na kwa kuwa alisikia kuna mwenyeji anayeandika Kijerumani, aliagiza aletwe, akampa meza, wino na amri ya kuandika majina ya wote waliokunywa maji, ili wanyongwe. Marehemu aliona mara moja kazi ile ina maana gani. Akida, mtawala mdogo aliyewekwa hapa na Wajerumani, alikuwa amekwisha kulitaja jina la Mzee Mkopi, na jina hilo likiandikwa, mtu aliyemtoa kwenye kihenge na kumwita mkwe angening'inia mbele ya binti yake, tena kwa hati ya mkwe huyo. Kukimbia angeweza, lakini wangelipiza kisasi kwa nyumba ile ile. Alichofanya ni kumwomba afisa ruhusa ya kuiandika orodha kwa utaratibu wa ofisi yake, kila jina liwe na jina la aliyeona kwa macho yake, na huyo aliyeona aweke alama ya kidole, na afisa, kwa kuwa aliupenda utaratibu, alikubali.

Wakaanza kuja. Jirani mmoja alimtaja jirani mwenzake waliyegombania naye mpaka wa shamba la mpunga, akaulizwa kama alimwona, akasema alisikia, kwa nani, kwa mke wake, na mke je alimwona, akasema naye alisikia kisimani, basi marehemu akamshukuru na kumwambia kisima hakina kidole cha kuweka alama. Wengine waliojipanga nyuma walisikia, mstari ukaanza kupungua wenyewe.

Kisha akaja akida, kanzu imenyooka, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye hakusikia bali alimwona Mkopi akinywa. Marehemu alichovya kalamu, akamwuliza kwa heshima alikuwa amesimama wapi alipomwona. Akida akasema pale mtoni. Akaulizwa alikuwa na nani, akasema alikuwa katikati ya watu. Marehemu akauliza basi aandike kwamba Bwana Akida alikuwapo mtoni siku ya maji, katikati ya watu, na kalamu akaishika juu ya karatasi akingoja, bila kumtazama usoni. Akida alikohoa, halafu akakumbuka kwamba siku ile alikuwa mgonjwa, amelala nyumbani, na kwamba labda ni shemeji yake ndiye aliyemwambia. Baada ya hapo hakuja mtu mwingine, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuelewa kwamba aliyeona alikuwapo, na aliyekuwapo naye alikunywa.

Jioni afisa alikuta karatasi yenye kichwa, tarehe na mistari iliyopigwa kwa rula, na chini yake hakuna kitu. Alimwuliza marehemu kama anataka kumwaminisha kwamba Ifakara nzima hakunywa mtu, na kama hakuweza walau kuandika yale yaliyosikika. Marehemu alimjibu, "Jina la kitabu nikikosea, Bwana, mwakani nalifuta. Hawa nitawafutaje?" Kisha, kwa kuwa afisa alikuwa ameuliza kama hakunywa mtu, na yeye hakuwa na desturi ya kuacha nje jambo aliloliona, alikaa tena, akaandika jina moja, Kelestini Libenanga, na mahali pa aliyeona akaandika tena Kelestini Libenanga, akaweka kidole. Alipoulizwa nani alimpa maji hayo, alisema ni mgeni ambaye hakumjua jina, na hilo lilikuwa kweli.

Afisa alikasirika, kisha akacheka, kisha akakasirika tena. Hakumnyonga, labda kwa sababu ya kile kicheko, hatujui na marehemu naye hakujua. Alimchapa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, akamtia mnyororoni pamoja na wafungwa waliokuwa wakilima barabara ya Kiberege, na siku chache baadaye akang'oa kambi kuelekea Mahenge na kamba zake, bila kumnyonga mtu yeyote wa Ifakara kwa orodha ile. Familia haisemi kwamba marehemu aliliokoa bonde zima, yeye mwenyewe aliwakatalia waliosema hivyo. Tunasema tu kwamba orodha ile aliiandika yeye, na ilikuwa na jina moja.

Alikaa mnyororoni mpaka Juni 1906. Bwana Rehbein alikuwa ameshindwa kuifunga Orodha ya mwaka 1905, hakuna aliyejua karatasi ziko kabati gani, akatuma maagizo mwandishi wake atafutwe popote alipo pamoja na mzigo wake, nao ukapatikana kwa Mzee Mkopi ukiwa mkavu, ingawa mpunga uliokuwa juu yake ulikuwa umeliwa siku nyingi. Marehemu alirudi Dar es Salaam akitembea kwa fimbo. Orodha ya 1905 ilitoka ikiwa imechelewa, na ya 1906 ilitoka kwa wakati.

Tarehe 6 Oktoba 1908 alifunga ndoa takatifu na Scolastica Mkopi katika misheni ya Kwiro, Mahenge, baba mkwe akiwa amekaa benchi la mbele na akimwambia kila aliyempa mkono kwamba mkwe wake hakuleta ng'ombe, ameleta mgongo. Walijaliwa watoto watatu, Raimundi aliyezaliwa 1910, Digna aliyezaliwa 1913 na Serafina aliyezaliwa 1919, pamoja na wajukuu na vitukuu mnaowaona hapa. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoifunga ofisi, mwaka 1916, alirudi Ifakara kulima mpunga, na mwaka 1927 aliitwa tena kuendelea na kazi ile ile, safari hii Dodoma, ambako alitunza orodha ya kila mwaka mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 1948. Akiwa nyumbani aliendelea kupokea wageni waliopita bondeni kupima mawe, akiwaomba kwa upole wamwonyeshe walichoandika, na wasipokuwa nacho mkononi aliwapa chakula lakini hakuwaandika.

Tangu mwishoni mwa mwaka 1961 marehemu alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi. Tarehe 29 Aprili 1962 alilazwa hospitali ya misheni hapa Ifakara, akapata nafuu ya siku chache, akaungama, akapokea sakramenti, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 14 Mei 1962 alifariki dunia, mkewe Scolastica akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru sana madaktari na masista waliomhudumia bila kuchoka, Baba Paroko aliyekuja kila alipoitwa na hata asipoitwa, wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kutoka Dodoma katika mvua hizi, ndugu zetu wa Mbingu na Sanje walioleta ndizi na kuni, na akina mama waliopika tangu juzi bila kulala. Watoto wake wanakushukuru wewe, mama yetu Scolastica, uliyemkanda mgongo ule kila majira ya baridi kwa zaidi ya miaka hamsini.

Tena kuna shukrani moja ambayo hatukuipanga. Desturi yetu ni kwamba jeneza hubebwa na ukoo, na vijana wa ukoo walikwisha kupangwa. Jana walifika watu wa ng'ambo ya Lumemo, wengine hatukuwafahamu hata kwa majina, wakatukuta kaburi halijaanza, wakavua mashati na kulichimba, na walipomaliza msemaji wao, Mzee Fulgensi, ambaye babu yake alitajwa mezani siku ile ya orodha, aliomba wao ndio wabebe. Wazee wa ukoo walimweleza desturi, naye akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwenu yeye ni babu. Lakini bila yeye, sisi tusingekuwa na babu." Wazee walikaa kando wakazungumza, na wamekubali. Kwa hiyo tunawaomba vijana wetu wapishe, na watu wa ng'ambo ya Lumemo wasogee mbele wamchukue.

Kelestini Libenanga, lala kwa amani, pumzika, Bwana Mawe wetu.