Tabo ya Usukani wa Upande Mwingine

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, mama yetu, mke wa mstaafu, pamoja na watoto wako, wafanyakazi wenzangu, na nyie mafundi wangu mliojificha huko nyuma karibu na soda: habari za mchana.

Nimepewa nafasi ya kumsifu afisa ununuzi wetu anayestaafu leo. Mshereheshaji amenionya nisizungumze mambo ya gereji, maana kila nikishika kipaza sauti watu husinzia. Nimejitahidi kutafuta la kusema lisilo la gereji, sijalipata. Mimi ndiye mkuu wa gereji, na huyu mzee amenitesa kupitia gereji.

Mzee, kwanza sifa zako. Hujawahi kuchelewa kazini. Hujawahi kugusa kitu kisicho chako. Nilipofiwa na mama yangu, wewe ndiye uliyebaki nyumbani kwetu mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Na kila nilipokuja ofisini kwako nimefura, ulininyamazisha kwa kikombe cha chai na maneno yale yale: "Fundi, punguza moto. Zote sawa." Ndiyo maana gereji nzima tunakuita Zote Sawa. Ulidhani tunakusifia?

Ndugu zangu, zote si sawa! Nimelisema hili mpaka koo limekauka. Kiwanda kinatengeneza haya magari ya tabo kwa jina moja, umbo moja, hata harufu ya viti ni moja. Lakini linalokwenda nchi ya baridi hupewa vyake, na linalokuja kwenye joto, vumbi na mafuta ya kubahatisha hupewa vyake. Pistoni si zile, nozeli si zile, rejeta si ile. Na tabo, kile kidude cha umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa, ndiyo usiseme: kule kubwa, huku ndogo, na kule ambako dereva hukaa upande mwingine, mabomba yake nayo hutokea upande mwingine, kwa sababu usukani lazima upate pa kupita. Je, kiwanda kimetuficha? Hapana, kimeyaandika yote kwenye kibati kilichopigwa chini ya boneti. Sasa kufungua boneti kunahitaji kibali cha nani?

Zote Sawa alikuwa anaagiza kwa jina la gari. Anapiga simu dukani: "Nipe tabo ya lile gari letu jeupe." Mwenye duka anauliza, "La soko la wapi, mzee?" Anajibiwa, "Soko gani tena? Gari ni gari!" Spea inafika imefungwa vizuri, inang'aa, na haiingii. Ikigoma kuingia, mzee anashuka gereji na tai yake, anaitazama kwa huruma, anasema, "Hebu isukumeni kidogo." Tulishasukuma sana. Kuna fundi wangu alisukuma mpaka bega likateguka. Mheshimiwa Mwenyekiti, ukipita kwenye uzio wetu ukakuta gari liko juu ya mawe, usidhani halina spea. Spea ipo, ila ni ya gari la watu wengine.

Sasa nifike kwenye zawadi. Wote mmeliona lile gari jeupe pale nje, lenye riboni. Bodi imempa mzee, na anastahili. Mabegi yako kwenye keria, wajukuu wameshakaa ndani wanagombania dirisha, na tukimaliza kula anaondoka nalo kwenda kwao, milimani. Mimi nilikuwa likizo lilipofungwa tabo mpya. Mzee aliiagiza mwenyewe, akaona gereji tunachelewa, akalipeleka kwa mafundi wa barabarani. Leo asubuhi, wakati nyie mnafunga riboni, mimi nilifungua boneti.

Ndugu Mkurugenzi, usiniangalie hivyo. Nilikufuata ofisini, ukaniambia tuyaongee Jumatatu. Jumatatu mzee atakuwa wapi? Ile tabo ni ya gari lenye usukani wa upande mwingine. Bomba lake la oili linatokea pale ambapo kwetu panapita chuma cha usukani, basi wale mafundi wamelipinda kwa nguvu mpaka limelala juu ya ekzosi. Mjini hutaona kitu. Unasimama kwenye taa, unasimama kwenye foleni, linapoa. Lakini kwenye mlima mrefu, na watu na mizigo, ekzosi inaiva mpaka inakuwa nyekundu. Bomba likipasuka hapo, oili inamwagikia chuma cha moto. Kuna anayetaka nieleze zaidi mbele ya mama?

Nasikia minong'ono juu yangu: huyu mama fundi hana adabu, ameigeuza sherehe ya watu kuwa gereji. Ni kweli nimechoka, na hasira ninazo. Nimebishana na huyu mzee tangu ujana wangu, na wakati mwingine nilitamani astaafu hata jana. Lakini leo nimeogopa, na nasema wazi: nilipoliona lile bomba, ikabidi nikae kwenye tairi.

Mzee, nakuona umesimama. Kaa, tafadhali. Ufunguo uko mfukoni mwangu na hautoki. Dereva wa zamu atawapeleka nyumbani kwa gari langu, na hilo lako nitakuletea mwenyewe, likiwa na tabo yake halali na bomba lililokaa mahali pake. Ukinuna, nuna, nimeshakuzoea. Tabo ikiharibika, nitaagiza nyingine. Wewe nikuagize duka gani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, mmenivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho, asanteni sana. Mama, nenda kawaambie wajukuu washuke.