Twiga wa Kwenye Kitabu

Ndani ya treni ya Embakasi, mzee mmoja aliinamia kitabu cha sanaa alichokuwa akisoma Muthoki. "Huyo twiga nilimchonga mimi," alisema. "Huyu anayechekea kamera ni Maingi. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa tu."

"Siku ya picha ulikuwa wapi, mzee?"

"Mazishini. Maingi akavaa hata aproni yangu."

Muthoki aliumia moyoni. "Basi tumwandikie mwandishi aongeze jina lako kando ya lake."

"Kando ya lake? Msichana wangu, mbona unanitusi?" Alimpa simu. "Nipigie picha hiyo nimwonyeshe mama watoto."

Muthoki alipoinua simu, kidole cha mzee kilikuwa kimeshafunika uso wa Maingi, na treni iliposimama Makadara, bado hakuwa amekiondoa.