Ema binti Nikodemo, aliyeitwa kisha akakanwa

Marehemu Ema binti Nikodemo alisingiziwa uchawi na mdogo wake wa tumbo moja, Filemoni, mzee wa kanisa upande wa Makambako. Filemoni alimwita aje amponye mke wake. Mke alipona. Kisha Filemoni akasimama mbele ya wazee wenzake akasema hakumwita. Kwa neno hilo Ema alitengwa na Meza ya Bwana mwaka 1949, na anaingia kaburini leo akiwa bado ametengwa. Maneno haya yametolewa na wifi yake, Idda, ambaye hakusoma. Anayeyasoma ni Margareth, binti wa marehemu.

Ema alizaliwa Aprili 1907 katika kijiji kilicho bondeni, chini ya Makambako, mtoto wa kwanza wa mzee Nikodemo. Kitu cha kwanza alichokumbuka duniani kilikuwa matone ya maji. Alikuwa na homa, amelazwa karibu na moto, na kando yake baba yake na shangazi yake waliambiana maneno waliyofichana tangu mavuno. Maneno yalipokwisha, shangazi alichukua maji kinywani akayapuliza. Ema alisimulia kwamba matone yale hayakuanguka upesi. Yalikaa hewani penye mwanga wa mlango, kama yanayofikiri pa kutua, naye akayatazama mpaka usingizi ukamchukua. Alipoamka, homa ilikuwa imekwenda.

Ndivyo Wabena walivyojua tangu zamani. Mtu akimkasirikia ndugu yake akanyamaza, hasira ile haitulii. Huzunguka nyumbani mpaka impate mtu wa kumlaza kwa ugonjwa. Dawa yake ni mwenye hasira kuisema mbele ya watu, kisha achukue maji kinywani na kuyapuliza chini. Akiyapuliza, ameachilia. Akiyameza, ameirudisha tumboni.

Alianza shule ya misheni mwaka 1914 akajua herufi, lakini vita vikaja, walimu Wajerumani wakachukuliwa, na nyasi zikaota mlangoni pa darasa. Alibatizwa mwaka 1927. Kitabu cha nyimbo alikisoma taratibu akifuata mstari kwa kidole, na penye neno gumu aliimba tu, akasoma baadaye.

Mwaka 1928 aliolewa na Enoki wa kijiji hiki cha Ramadhani, hapa Njombe. Enoki alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na blanketi jekundu na kikohozi. Walipata watoto wanne, wawili wakabaki. Enoki alifariki mwaka 1943. Ema hakuolewa tena. Alilima ulezi na mahindi, na wagonjwa wakaanza kuja kwake.

Walikuja asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umekaa juu ya mahindi, hivi kwamba sauti ilifika uani kabla ya mtu. Salamu ya "Kamwene!" inatoka weupeni, na baada ya kitambo unaona kofia, kisha mabega, kisha mtu mzima. Ema hakuwa na mizizi wala hirizi. Alimkalisha mgonjwa, akamwekea kiganja mgongoni, akafumba macho kama anayesikiliza mto ulio mbali. Mara nyingine aliyafumbua mapema. "Huyu ana kifua. Hapa hakuna neno. Mpelekeni dispensari, msinicheleweshee mtu." Na kama walisita, alimvika mgonjwa wao blanketi la Enoki na kuwasindikiza mpaka barabarani.

Wengi mnamkumbuka Linus, Mkatoliki aliyeletwa amepinda mgongo kama mundu.

"Umegombana na nani?" Ema alimwuliza.

"Mimi? Na mtu yeyote sina neno."

Mke wake akacheka nyuma yake. "Mwulize habari ya mianzi, mama! Mwulize!"

Ikabidi aitwe Tarsis, kaka yake Linus. Hapo ndipo Linus alipofunguka. "Umegema ulanzi kwenye mianzi yangu msimu mzima! Na mimi kila asubuhi nakuamkia, kamwene kaka, kamwene kaka, huku tumbo linachemka!"

Tarsis akajikuna. "Wenyewe ulikuwa umechacha, bwana. Nilikusaidia tu."

Linus aliinuka ampige. Aliinuka mzima mzima, akasimama wima kama nguzo ya simu, ngumi juu, kisha akajitazama miguuni akashangaa, na watu wakacheka mpaka Tarsis naye akacheka. Walipuliza maji wote wawili. Walirudi kwao wakibishana nani abebe kibuyu.

Ema hakusema ni yeye aliyeponya. Alisema mwili ni nyumba, na mtu hawezi kulala vizuri kama ndani kuna mgeni asiyesalimiwa.

Mwaka 1949, mwezi wa Julai, Filemoni alipanda lori la mizigo kutoka Makambako akaja Ramadhani. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mke wake, Idda, alikuwa amepoteza mimba ya tatu, na tangu hapo miguu yake haikuwa na nguvu. Dawa za dispensari alikunywa zikaisha. Alilala akitazama paa, na paa lilionekana kwake kama maji, akiwa chini yake, watu wakipita juu wakiita jina lake kwa mbali.

"Dada," Filemoni alisema, bado amesimama mlangoni, "twende. Nakuomba. Idda hainuki."

Ema alikwenda. Aliweka kiganja mgongoni pa Idda, akafumba macho, kisha akamgeukia mdogo wake. "Neno hili ni la kwako, Filemoni. Liseme."

Filemoni alilia kwanza. Ndipo akasema alichokificha: kwamba alimchukia mke wake kwa ajili ya watoto wasiokaa, kwamba kila alipoongoza sala jioni aliomba moyoni Idda arudi kwao ili yeye aoe mwingine. Alilisema akiwa amepiga magoti. Akachukua maji, akayapuliza, na yakamfikia Idda usoni, baridi, na paa likarudi kuwa paa. Kabla ya mbegu mpya kuingia shambani, Idda alikuwa akienda kisimani mwenyewe.

Jirani mmoja alikuwa ameona mlangoni. Habari ikaenda: mzee wa kanisa amepiga magoti na maji kinywani kama wapagani. Filemoni akaitwa na wazee wenzake.

"Ulimwita wewe?"

"Sikumwita. Alikuja mwenyewe. Nilirudi kutoka shambani nikamkuta ndani kwangu na mambo yake."

Idda alisimama nyuma, upande wa wanawake. "Alimwita yeye! Alipanda lori!"

"Kaa chini, mama," aliambiwa. "Mumeo amekwisha kusema."

Ema akatengwa. Idda naye, mwezi uliofuata, alifungiwa nguo zake katika shuka akaambiwa aende kwao. Kwao hakwenda. Alikuja Ramadhani, na Ema akamfungulia bila kumwuliza. "Ingia, wifi. Chumvi iko kwenye kibuyu." Wamekaa pamoja tangu hapo. Siku za Chakula cha Bwana Ema alivaa vizuri, akaenda, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mbele yeye aliimba.

Mwishoni mwa mwaka 1956 tumbo lilianza kumuuma. Alikwenda hospitali ya misheni, akalazwa, akanywa kila alichopewa. Daktari alisema ni uvimbe na haukatwi. Ema alimshukuru. Aliporudi alimwambia Idda, "Mwili nimeupeleka hospitali. Kilichobaki kiko Makambako. Mwiteni Filemoni."

Aliitwa mara nyingi. Alikuja Juni mwaka huu, 1957, amevaa koti. Ema alikuwa amelala uani penye jua, mwepesi kama ganda la hindi, macho yake yakifuata mawingu. Alifurahi kama mtoto. Idda aliweka bakuli la maji katikati yao, na majirani wakakaa.

"Sema tu ulivyosema na ulivyofanya," Ema alimwambia. "Sitaki kingine."

Filemoni alitazama watu. Alitazama bakuli. Alichukua maji, akajaza kinywa, mashavu yakavimba, na wote wakangoja. Ndege waliimba kwenye miti ya miwati. Kisha koo lake likapanda na kushuka. Aliyameza.

"Kiu ya njiani," alisema, akajifuta mdomo.

Ema alifumba macho. "Basi mpeni na chakula," alisema. "Ametoka mbali."

Tangu siku ile hakuzungumza sana. Aliota mchana, na katika ndoto alijibu watu ambao hatukuwaona, kwa upole, akiwaambia wapite, mlango uko wazi. Alifariki tarehe 19 Julai 1957, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka shambani.

Ameacha watoto wawili, Margareth na Yoeli, wajukuu watano, wifi yake Idda, na mdogo wake Filemoni, ambaye amekuja leo na amesimama pale na watu wa Makambako.

Dada yetu alale sasa katika amani ya Mungu, ambaye hakumtenga. Kwake Ema hakuna anachodaiwa. Anayedaiwa ni Filemoni mwana wa Nikodemo, naye anadaiwa maneno machache: "Nilimwita mimi." Ayaseme hapa kabla udongo haujarudishwa. Akishindwa hapa, ayaseme Jumapili kule kanisani, akisimama palepale alipokana, na wazee waliomwamini walirudishe jina la Ema mezani. Idda atakuwepo, amesimama nyuma, upande wa wanawake.