Jina Moja Msalabani: Maisha ya Hinrich Ostendrup, 1929–2019

Marehemu Hinrich Ostendrup alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1929, kijijini Holtbeke, Münsterland, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Bernhard Timmerloh, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na mkewe Gertrud. Mama yake alisimulia kwamba mkunga alipogeuka kuchukua maji, kichanga kilikuwa kimeshajisogeza hadi ukingoni mwa meza. Hakuna aliyethubutu kumbishia Bi Gertrud.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1935 hadi 1943. Kwa kuwa hakuweza kutulia kitini, mwalimu alimruhusu asimame nyuma ya darasa, na hapo ndipo alipojifunza kusoma maandishi ya kale yaliyotundikwa ukutani. Baadaye alirithi ufundi wa baba yake. Kaka yake Alois alipotelea vitani Urusi mwaka 1944, na Hinrich akabaki mwana pekee, kati ya dada wawili.

Mwaka 1954 alimposa Agnes, binti mrithi wa shamba la Ostendrup. Baba mkwe, mzee Anton, hakumzungusha.

"Kijana, shamba hili lina miaka mia nne na halijawahi kubadili jina. Wanaoingia ndio hubadili. Hata mimi sikuzaliwa Ostendrup."

Hinrich alipeleka ombi la kubadili jina ofisi ya wilaya, akatia sahihi tarehe 3 Februari 1955, kisha akaenda kwao kumwambia mama. Bi Gertrud alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Alois kachukuliwa na vita. Wewe umejipeleka mwenyewe."

Arusi ilifungwa tarehe 24 Mei 1955. Mama hakuhudhuria. Kwa miaka kumi na tisa alimwita mwanawe "Bwana Ostendrup," akamtilia kahawa katika kikombe cha wageni. Akiwa mjane na binti zake wameolewa, aliamini kwamba siku atakayofumba macho hakutakuwa na Timmerloh aliyesalia duniani, na kwamba aliyelizima jina hilo ni mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Marehemu alilima, alifuga nguruwe, na aliitumikia kamati ya kanisa kwa miaka ishirini na sita. Lakini kila Jumapili, chakula cha mchana kikiwa hakijashuka tumboni, aliwasha pikipiki akaenda parokia hii au ile kuomba vitabu vya ubatizo, akiwatafuta watu wa ukoo wa Timmerloh. Agnes alimfuata hadi mlangoni.

"Wenzio wanacheza karata, wewe unaposa vitabu vya makasisi! Kitabu kitakupikia?"

"Kitabu hakigombi, mke wangu."

Binti yake Mechthild, anayesoma haya leo, alikuwa akikaa dirishani hadi asikie mlio wa pikipiki ile ukirudi, maana barabara zilikuwa na utelezi na baba alikuwa na haraka daima.

Aliyoyapata aliyaandika kwa penseli katika madaftari kumi na manne ya shule. Wa kwanza kabisa alikuwa Johan, mtu aliyekaa kwenye kisitu ilikokatwa miti ya kujengea. Mwaka 1498 karani wa kodi hakujua amtambue vipi, akaandika jina la kisitu, Timmerloh, baada ya jina lake. Wajukuu wa Johan walikuwa wengi kuliko ardhi. Shamba alipewa mmoja, waliobaki walitoka. Wengine walikwenda Uholanzi kukata nyasi, wakazeeka hukohuko. Wengine walioa mabinti warithi kama Hinrich, na jina likaishia kizingitini mwa mkwe. Na mwaka 1846 ndugu wawili waliabiri meli Bremen kwenda Amerika, na vitabu vikanyamaza.

Hinrich hakunyamaza. Aliandika barua kwa makasisi wa Ohio, huko Amerika walikohamia wengi kutoka kwetu, moja kila mwezi. Agnes alinunua stempu akinung'unika, lakini alizinunua. Mwaka 1973 jibu lilikuja kutoka kwa Walter Timmerloh, muuza matrekta, na Agosti 1974 Walter mwenyewe alifika Holtbeke, mtu mnene wa kucheka, akizungumza lahaja yetu ya zamani kama alivyofunzwa na bibi yake.

Bi Gertrud, miaka themanini na mmoja, alimkalisha jikoni akamzunguka kama ng'ombe wa mnadani.

"Hatufanani hata kidole."

"Nina wana watano, Bibi. Wote Timmerloh. Mdogo wao mkaidi kupita kiasi."

"Mkaidi?" Mama akakaa. "Basi ni wetu. Hini, mwanangu, mkatie mgeni nyama."

Hakuwa amemwita Hini tangu ile siku ya viazi. Hinrich alikata nyama ile kwa muda mrefu, mgongo akiwa amewapa. Mama yake alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, wakiwa wamepatana.

Agnes alitangulia mwaka 2011. Tangu hapo marehemu alitembea shambani mchana kutwa, hata moyo ulipoanza kumwangusha. Tarehe 2 Novemba 2019 alilazwa, maji yakiwa yamejaa mapafuni. Watoto wake walianza kubishana kwenye korido ya hospitali. Clemens, anayelima shamba sasa, alitaka msalaba uandikwe Ostendrup. Mechthild alitaka Timmerloh litangulie.

"Unataka kumrudisha kwa bibi hata akifa?" alisema Clemens.

Mechthild hakupata usingizi kwa jambo hilo. Asubuhi alimuuliza baba mwenyewe.

"Wale niliwatafuta ili mama asijione wa mwisho," alijibu. "Mimi sikupotea. Nilichukua jina la Agnes nilale anapolala Agnes. Andikeni hilo, moja tu."

"Una hakika, Baba?"

"Mtoto huyu! Anauliza hivyo tangu azaliwe."

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi. Msalaba umeandikwa alivyotaka, na Clemens na Mechthild waliubeba pamoja.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Klara, na huko Ohio akina Timmerloh mia moja na kumi na wanne, kwa hesabu ya mkono wake mwenyewe.

Bwana ampe pumziko alilolikwepa kwa miaka tisini, na ampe ubavuni mwa Agnes.