Rusha Tena Anaiaga Meza ya Dadu

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda chetu cha michezo ya ubao, binti yangu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wenzake wameniomba mimi niandike, maana nami nilifungasha maboksi humu humu kabla magoti hayajagoma. Wamefanya la maana. Nani atamsifu kuliko aliyemzaa?

Aliingia akifagia vumbi la plastiki, akapanda hadi mkaguzi mkuu. Kazi yake kurusha dadu. Ndiyo, analipwa kwa kurusha, na majirani zangu hadi leo hawaamini! Darasa la saba langu limenitosha kumwelewa: dadu ina nyuso sita, basi kichwani kila uso una haki ya mara moja katika sita. Mkononi ni habari nyingine. Ukirusha mara chache, bahati hukuchezea. Ukirusha mara nyingi, dadu isiyo na kasoro huisogelea hesabu ya kichwani. Isiposogea, ina kilema. Ndiyo maana tukambandika jina la Rusha Tena.

Kuna siku bosi alijaribu dadu kutoka kalibu mpya, kile chombo cha kumiminia plastiki. Akarusha mara kumi na mbili, sita ikatoka mara tano, badala ya mbili hivi. Akahamaki, akamwamuru fundi wa mashine avue ovaroli aende zake, kwamba kaharibu kalibu. Na mke wa fundi ana mimba ya kwanza, jamani! Binti yangu akamwambia bosi kuwa kumi na mbili ni salamu tu, mazungumzo bado. Warushe mara mia sita. Sita zikipita mia kwa mbali, binti yangu mwenyewe ataipokea ovaroli ya fundi.

Tukarusha kwa zamu. Wafungashaji wakatania kwamba kiwanda kimegeuka baraza la wacheza kamari. Bosi naye akakunja mikono ya shati, akarusha. Fundi kajifunika uso kwa kofia, hataki kuona. Mwanzoni sita zilikuja kwa fujo, kisha zikapoa. Mwisho: tisini na nne. Si mia kamili, ila ukaribu ndio unaotakiwa. Bosi akamwomba fundi radhi mbele yetu sote, na fundi akaiwasha mashine huku machozi yanamtoka.

Asante, mwanangu, kwa kutokuwa na haraka na riziki ya mtu. Kapumzike sasa. Sote tunakuombea siku nyingi, tena njema.