Daftari la Safu Mbili

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, kitinda mimba wa seremala na mshona nguo. Tarehe hiyo ni sahihi. Tungeikosea, angetukatiza hapa hapa.

Alisoma shule ya msingi karibu na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni, alikomaliza mwaka 1971. Huko kulikuwa na zamu ya kusoma kipimamvua kila saa tatu asubuhi. Wenzake waliikwepa, yeye akaing'ang'ania.

Mwaka 1973 aliajiriwa idara ya hali ya hewa. Kwa miaka thelathini na minane kazi yake haikuwa kutabiri mvua bali kuwakagua wanaotabiri. Katika safu ya kushoto ya daftari lake aliandika mvua iliyotabiriwa siku tatu hadi kumi kabla. Siku ikifika, kulia aliandika iliyonyesha kweli. Ndipo wenzake wakambandika jina la Mzee Milimita. Jirani akimuuliza, "Mzee, wiki ijayo niezue paa?" alijibu, "Niulize wiki ijayo ikishapita." Mwaka 1998 aliandika ripoti kwamba, kwa vituo alivyovipima, kuanzia siku ya sita utabiri ulikuwa karibu sawa na kubahatisha. Mkuu wake akang'aka, "Kwani unataka tufunge ofisi?" Akamjibu, "Nataka tuseme tunachokijua, basi." Lakini ole wako umwite mtabiri mwongo mbele yake! "Amekosea," angesema. "Hakudanganya."

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na mwalimu wa chekechea. Siku hiyo ilitabiriwa jua. Loo! Bi harusi aliingia ukumbini ameloa chapachapa, na bwana harusi akachomoka kwenda kusoma kipimo: milimita thelathini na moja. Mama, bi harusi huyo, alicheka kisa hicho hadi alipofariki, tarehe 2 Februari 2010. Baada ya hapo, upande wa mkewe kitandani marehemu alipanga madaftari.

Alianza kuugua moyo mwaka 2021. Binti yao wa pekee, anayewasomea maneno haya, aliishi mwendo wa saa saba kwa basi. Mara kwa mara, Jumapili, alipiga simu: "Baba, Jumamosi nakuja." Na baba: "Haya mama, karibu sana." Jumamosi ikifika, kazi zikawa kazi. Mzee alifariki Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake kinachotazama geti.

Kando ya kiti palikuwa na daftari. Binti alidhani ni la mvua. Kushoto, kila mstari, tarehe na maneno: "Binti anakuja." Kulia, kilichotokea. Kati ya ahadi arobaini na tatu zilizokwisha pita, zilizotimia ni sita. Penye kila iliyokosa, mwandiko ule ule uliopangika: "Kazi zimembana. Hakudanganya."

Mstari wa mwisho, wa arobaini na nne, unasema: "Jumamosi, 22 Juni. Binti anakuja." Kulia pako wazi.

Leo ni Jumamosi, tarehe 22 Juni. Asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, binti alichukua kalamu ya baba yake akaijaza nafasi ile: "Amekuja."

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, wajukuu wawili, na madaftari mia moja na kumi na manne. Mzee wetu apumzike sasa. Hana tena wa kumngojea.