Ukurasa wa Pili wa Fundi Milango

Sogeeni karibu wapendwa, nanyi wenzake wa kiwandani mliosimama kule ukutani, sogeeni, simu zizimwe, watoto wapakatwe, tunyamaze kidogo, maana wengi wenu mnamjua marehemu kwa jambo moja tu, na jambo hilo mlilijua nusu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa mama yake, mdogo wake akamfuata baada ya miaka minne, akasoma shule ya msingi 1968 hadi 1974, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 4 Februari 1980 akaajiriwa kiwanda cha magari, idara ya milango, ambako alikuwa akifumba macho, mlango unafungwa, anasema, "Bawaba ya chini hiyo, rudisheni," na hakosei, ndipo wakamwita Fundi Milango, na mwaka 1985 akamwombea mdogo wake kazi hapohapo, wakawa wanakula mchana bakuli moja.

Tarehe 13 Desemba 1986 alimuoa mshona viti wa idara ya jirani, aliyezoea kumtania, "Mlango unausikia, mimi nikikuita huna masikio," wakajaliwa mabinti wawili, 1988 na 1992.

Mwaka 2003 alipandishwa ofisi ya mipango, na 2009, uchumi ulipoanguka, magari mapya yakalala uani bila mnunuzi hadi ndege wakajenga viota ndani ya injini, mabosi walimwagiza aandike kiwanda kipunguze nini ili kipone, naye akaandika kurasa mbili. Wa kwanza ulitaja idara zinazoweza kufungwa, na yeye, asije akaambiwa anabeba watu wake, akaiweka idara ya milango juu kabisa. Wa pili ulisema idara hiyo isiguswe, kwa kuwa wakati wa dhiki watu hawanunui gari jipya, wanatengeneza walilonalo, basi itengeneze milango ya magari makuukuu yaliyoko barabarani. Mabosi walisoma wa kwanza, wakagonga muhuri siku hiyohiyo, wa pili wakamrudishia.

Tarehe 17 Agosti 2009 watu mia mbili na kumi na wawili walivua magwanda getini, mdogo wake akiwemo, akamwambia mbele ya wote, "Kaka, umenifuta kwa mkono wako," wasisemezane tena karibu miaka kumi na miwili, na mama yao alipomsihi ajieleze, alijibu, "Mama, mwandiko ni wangu, nitasema nini?" Kiwanda chenyewe hakikufika mbali, kilifungwa 2011.

Tarehe 20 Aprili 2021 alipatwa na kiharusi, ulimi ukagoma, akawa ananyoosha kidole kwenye mtoto wa meza hadi mkewe alipoutoa ule ukurasa wa pili, na tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akatutoka, mdogo wake akiwa bado anapanda ngazi za hospitali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufua, na nyinyi wafanyakazi wenzake, mliokuja na kinyongo chenu lakini mkaja.

Nyumba ni ya mkewe, nyundo ya mpira ni ya binti mkubwa, miwani na redio ni vya binti mdogo, na ukurasa wa pili amepewa mdogo wa marehemu, aliyeusoma leo asubuhi amesimama, akaukunja, akaenda kufunga kifuniko cha jeneza yeye mwenyewe, polepole, hata hatukusikia kikigusa.

Pumzika kwa amani, Fundi Milango, mlango huu haurudishwi.